Muhuri Uliofanya Kazi ya Sheria: Jinsi Vitabu vya Katuni vya Marekani Vilivyodhibitiwa bila Kupigwa Marufuku

Swali la msomaji: Nimesoma mara nyingi kwamba serikali ya Marekani ilipiga marufuku vitabu vya katuni vya kutisha katika miaka ya 1950 kwa sababu ya kitabu cha daktari mmoja. Je, ni kweli? Na kama hapakuwa na sheria, vitabu hivyo viliondokaje sokoni, na kwa nini udhibiti huo ulidumu kwa zaidi ya nusu karne?

Jibu:

Ndugu msomaji, simulizi uliyoisoma ina ukweli ndani yake, lakini imepotoka mahali penye uzito kuliko pote. Serikali kuu ya Marekani haikupata kutunga sheria ya kupiga marufuku vitabu vya katuni vya kutisha, na kamati ndogo ya Seneti iliyovichunguza mwaka 1954 iliandika waziwazi, katika ripoti yake ya mwaka uliofuata, kwamba inakataa kila pendekezo la udhibiti wa serikali kwa kuwa halipatani na uhuru wa uchapishaji. Waliovifuta vitabu hivyo ni wachapishaji wenyewe, wakibanwa na wafanyabiashara waliokuwa wakivisambaza. Tofauti hii si ya maneno matupu. Sheria inaweza kupingwa mahakamani, na sheria kadhaa za aina hiyo zilipingwa zikaanguka. Lakini msambazaji anayekirudisha kifurushi cha magazeti bila kukifungua hakatiwi rufaa popote. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye jibu la swali lako lote, na nitaomba uvumilivu wako nikieleza hatua kwa hatua.

Kitabu cha katuni kama tunavyokijua kilizaliwa Marekani katika miaka ya 1930, na toleo la kwanza la Action Comics, lililomtambulisha Superman mwaka 1938, liliifanya biashara hiyo kuwa kubwa kwa muda mfupi sana. Nakala moja iliuzwa kwa senti 10. Bei hiyo ndiyo iliyowatia watu wazima hofu, ingawa wao wenyewe walizungumzia zaidi damu na bastola. Kabla ya hapo, karibu kila kitabu kilichofika mkononi mwa mtoto kilikuwa kimepitia kwa mzazi, mwalimu au mkutubi. Kitabu cha katuni kilikuwa chapisho ambalo mtoto alilichagua mwenyewe kwenye kibanda cha magazeti, akalilipia kwa fedha yake mwenyewe, kisha akabadilishana na wenzake bila mtu mzima kuliona. Tarehe 8 Mei 1940, Sterling North, mhakiki wa vitabu wa gazeti la Chicago Daily News, aliviita vitabu hivyo aibu ya taifa, akawalaumu wazazi na walimu kwa kushindwa kuwapa watoto kitu bora zaidi. Makala yake ilichapishwa tena na tena katika magazeti mengine, na hoja zake zilitumiwa kwa miaka mingi na watu waliokuja baada yake.

Baada ya vita, mashujaa wenye nguvu za ajabu walipopungua mvuto, hadithi za uhalifu zikashika nafasi yao, na kuanzia mwaka 1950 hadithi za kutisha nazo zikastawi. Upinzani ulikua pamoja nazo. Mwaka 1948, huko Spencer katika jimbo la West Virginia, na baadaye huko Binghamton katika jimbo la New York, watoto wa shule walikusanya vitabu vya katuni na kuvichoma moto hadharani, wakisimamiwa na walimu na watu wa kanisa. Ikumbukwe kwamba ilikuwa miaka mitatu tu tangu kumalizika kwa vita dhidi ya utawala uliojulikana dunia nzima kwa kuchoma vitabu. Waliowasha mioto ile hawakuwa watu waovu. Waliamini kwa dhati kwamba wanawalinda watoto, na ni imani hiyo iliyofanya iwe vigumu kubishana nao.

Njia ya sheria ilikwisha kujaribiwa wakati huo, na haikufika mbali. Mwezi Machi 1948 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Winters dhidi ya New York, iliitupa sheria ya jimbo hilo iliyozuia machapisho yenye hadithi za umwagaji damu na uhalifu, kwa sababu maneno yake hayakumwezesha mtu kujua ni kipi hasa kinachokatazwa. Kaunti ya Los Angeles ilipitisha amri ya kuzuia vijana walio chini ya miaka 18 kuuziwa katuni za uhalifu, lakini juhudi za aina hiyo katika kaunti hiyo zilikuja kubatilishwa na mahakama ya California mwaka 1959. Gavana wa New York, Thomas Dewey, aliukataa muswada mwingine mwaka 1952. Majimbo kadhaa yalifaulu kutunga sheria zao katikati ya miaka ya 1950, kwa hiyo siwezi kusema kwamba hapakuwa na sheria kabisa. Ninachosema ni kwamba si sheria hizo zilizobadilisha sura ya biashara nzima.

Wachapishaji nao walijaribu kujisimamia mwaka huohuo wa 1948. Waliunda chama, wakaandika kanuni fupi, wakaweka na muhuri wa kibali wa kuchapwa kwenye jalada. Ni sehemu ndogo tu ya wachapishaji iliyojiunga, na baada ya miaka michache chama hicho kilibaki jina. Jambo hili hupitwa haraka katika simulizi nyingi, nami naliona kuwa la msingi: mwaka 1948 palikuwa na kanuni na palikuwa na muhuri, lakini gazeti la katuni lisilo na muhuri lilifika kibandani bila shida. Kilichokosekana ni mtu wa kulizuia njiani.

Sasa tuje kwa daktari. Fredric Wertham alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya akili, mzaliwa wa Ujerumani, na kumfanya kuwa adui wa sanaa peke yake ni kumdhulumu. Mwaka 1946 alifungua kliniki katika ghorofa ya chini ya kanisa moja huko Harlem, ikiwahudumia kwa malipo madogo sana Wamarekani Weusi ambao hospitali nyingi hazikuwajali. Uchunguzi wake kuhusu madhara ya kuwatenga watoto shuleni kwa misingi ya rangi ulitumika kama ushahidi katika kesi ya jimbo la Delaware, mojawapo ya kesi zilizounganishwa katika ile iliyofuta ubaguzi mashuleni mwaka 1954. Mtu huyo aliyetetea watoto kwa moyo wote ndiye aliyeamini, kwa moyo uleule, kwamba vitabu vya katuni vinawaharibu. Kitabu chake, Seduction of the Innocent, kilitoka mwaka 1954. Ndani yake alieleza kwamba watoto wahalifu aliowahudumia walikuwa wasomaji wa katuni, akaona katika urafiki wa Batman na Robin ndoto ya mapenzi ya jinsia moja, na akamtazama Wonder Woman kuwa mfano mbaya kwa wasichana.

Udhaifu wa mbinu yake ulionekana tangu mwanzo. Katika miaka ile karibu kila mtoto wa Marekani alisoma katuni, kwa hiyo kuwakuta wahalifu wadogo wanazisoma hakukuthibitisha lolote, kama vile kukuta wote wanakunywa maziwa kusingethibitisha ubaya wa maziwa. Lakini tatizo lilikuwa kubwa zaidi ya hapo. Nyaraka zake zilizohifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani zilifunguliwa kwa watafiti mwaka 2010, na mtafiti Carol Tilley alipozilinganisha na kitabu, alionyesha katika makala ya mwaka 2012 kwamba Wertham alibadilisha umri wa baadhi ya watoto, aliunganisha maelezo ya watoto tofauti yakaonekana ya mmoja, na aliacha mambo mengine ya maisha yao yaliyoweza kueleza matatizo yao vizuri kuliko katuni. Nilisoma makala hiyo kwa masikitiko, kwa sababu watoto wale walikuwa na shida za kweli, za umaskini na za ukatili wa nyumbani, na shida hizo zikawekwa kando ili kitabu cha senti 10 kibebe lawama.

Kitabu cha Wertham kilitoka wakati kamati ndogo ya Seneti ya kuchunguza uhalifu wa vijana ilipokuwa ikijiandaa kuketi New York. Iliketi tarehe 21 na 22 Aprili na tarehe 4 Juni 1954, chini ya mwenyekiti Robert Hendrickson, lakini mjumbe aliyekumbukwa zaidi ni Estes Kefauver, seneta wa Tennessee. Siku ya kwanza Wertham alitoa ushahidi, akafika hadi ya kusema kwamba Hitler alikuwa mwanafunzi tu akilinganishwa na biashara ya katuni. Aliyemfuata ni William Gaines, mmiliki wa kampuni ya EC iliyochapisha katuni za kutisha na za uhalifu, aliyerithi kazi hiyo baada ya baba yake kufa katika ajali ya boti mwaka 1947. Gaines alikuja kwa hiari yake, jambo ambalo linastahili heshima, kwa sababu wenzake wengi walipendelea kukaa kimya.

Kefauver aliinua jalada la toleo la 22 la Crime SuspenStories, lililochorwa na Johnny Craig, likimwonyesha mwanamume mwenye shoka lenye damu akiwa ameshika kichwa cha mwanamke kilichokatwa. Akamuuliza Gaines kama anaona jambo hilo ni la staha. Gaines akajibu kwamba ndiyo, kwa jalada la katuni ya kutisha ni la staha. Lisilo la staha lingekuwa lile ambalo kichwa kimeinuliwa juu zaidi hata shingo ikaonekana ikichuruzika damu. Kwa mtu wa kazi ya uchapishaji jibu hilo lilikuwa la kweli na hata la busara, kwa maana ndivyo mhariri anavyoamua mipaka kila siku. Kwa wasomaji wa magazeti lilisikika kama kujishitaki. Kesho yake habari hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa New York Times.

Kamati haikuwa na sheria mkononi wala haikuitaka. Ilichokuwa nacho ni macho ya umma, na hayo yalitosha. Katika majira ya kiangazi wenye maduka walikuwa wakipokea malalamiko ya wazazi, makanisa na vyama vya kinamama. Wao wakayapeleka kwa wauzaji wa jumla, na wauzaji wa jumla wakayapeleka kwa wachapishaji. Gaines mwenyewe ndiye aliyewaita wachapishaji wenzake wakae pamoja kujitetea. Mkutano ukachukua njia nyingine. Mwezi Septemba 1954 kiliundwa Chama cha Magazeti ya Katuni cha Marekani, na mtu aliyepewa kazi ya kusimamia kanuni zake alikuwa hakimu wa New York, Charles F. Murphy. Kanuni zilipitishwa tarehe 26 Oktoba mwaka huo, na gazeti lililozifuata lilipewa muhuri mpya wa chama kwenye jalada.

Zikisomwa leo, kanuni hizo zinaonyesha vizuri nani alikuwa akiogopa nini. Maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kitisho na hofu kuu yalikatazwa kabisa katika jina la gazeti, na neno la uhalifu halikuruhusiwa kusimama peke yake kwenye jalada wala kuandikwa kwa herufi kubwa kupita maneno mengine. Wanyonya damu, binadamu wanaogeuka mbwamwitu, watu wanaokula watu na misukule inayotoka makaburini walipigwa marufuku. Katika kila hadithi wema ulitakiwa uushinde uovu. Polisi, mahakimu, maofisa wa serikali na taasisi zinazoheshimiwa wasionyeshwe kwa namna itakayofanya mamlaka idharauliwe. Talaka isifanyiwe mzaha wala isionyeshwe kuwa jambo la kutamanika, wanawake wachorwe bila kutiwa chumvi maumbile yao, na hata sarufi nzuri itumike inapowezekana.

Kifungu cha polisi na mahakimu ndicho ninachokirudia kila ninapoulizwa habari hizi, kwa kuwa hakihusiani hata kidogo na damu. Mchapishaji hakuweza tena kusimulia habari za polisi mla rushwa, au za hakimu aliyemfunga mtu asiye na hatia, au za mji uliomuua mtu kwa sababu ya rangi yake huku askari wake wakitazama. Kampuni ya EC ilikuwa imechapisha hadithi za aina hiyo katika magazeti yake ya miaka ya mwanzo ya 1950, na baadhi zilikuwa kali na za kweli kuliko mengi yaliyokuwa yakioneshwa kwenye sinema. Hasara ya kweli ya mwaka 1954 iko hapo, zaidi ya kupotea kwa misukule.

Sasa, muhuri huu mpya ulifanikiwa vipi pale ambapo ule wa 1948 ulishindwa? Inabidi kuielewa njia ya gazeti kutoka kiwandani hadi kibandani. Mchapishaji hakumuuzia mwenye duka moja kwa moja. Aliyapeleka magazeti yake kwa msambazaji wa kitaifa, naye akayagawa kwa wauzaji wa jumla wa miji, nao wakayapeleka kwenye maduka na vibanda pamoja na majarida mengine yote. Nakala zisizouzwa zilirudishwa na mchapishaji ndiye aliyebeba hasara. Muuzaji wa jumla aliyeona gazeti fulani litamletea ugomvi na wazazi hakuwa na cha kupoteza akiliacha, kwa sababu faida yake ilitoka kwenye mamia ya majarida mengine. Mwaka 1954 wasambazaji na wauzaji hao walikubali kwamba gazeti lisilo na muhuri wa kona ya juu ya jalada halitapita. Kuanzia hapo kila mchapishaji alitakiwa kupeleka kurasa zake kwenye ofisi ya Murphy kabla ya kuchapa, na wakaguzi wakazipitia kisanduku kwa kisanduku. Mwishoni mwa Desemba 1954 ofisi hiyo ilitangaza kwamba tayari imekataa hadithi 126 na michoro 5,656.

Gaines alikuwa ametangaza kuziacha hadithi za kutisha na za uhalifu, akaanzisha magazeti mapya ya aina nyingine, lakini kwa kuwa mwanzoni alikataa kujiunga na chama, magazeti hayo hayakuwa na muhuri. Vifurushi vilirudi kwake havijafunguliwa. Wasomaji hawakupata hata nafasi ya kuyakataa. Alipokubali kujiunga ilikuwa kwa shingo upande, na urafiki huo haukudumu.

Kisa cha mwisho kati yake na ofisi ya Murphy nakieleza kwa kirefu kwa sababu kinaonyesha udhibiti wa aina hii unavyofika mahali ambapo haukukusudiwa. Hadithi moja iliyokusudiwa kwa toleo la 33 la Incredible Science Fiction ilikataliwa, na kampuni ikaamua kuweka mahali pake hadithi iliyokuwa imeshachapishwa mwaka 1953, kabla ya kanuni. Iliandikwa na Al Feldstein na kuchorwa na Joe Orlando. Mjumbe wa Dunia anaitembelea sayari ya roboti ili aamue kama wamestahili kuingia katika umoja wa sayari. Anakuta roboti za rangi ya chungwa zikiwanyima haki roboti za buluu, ingawa chini ya ganda la nje zote zimeundwa sawasawa, naye anawaambia bado hawajastahili. Katika kisanduku cha mwisho, ndani ya chombo chake, anavua kofia, na msomaji anaona kwa mara ya kwanza kwamba yeye ni mtu Mweusi, jasho likimetameta usoni pake. Ofisi ya Murphy ilipinga mtu huyo kuwa Mweusi. Hakuna kifungu chochote kilichokataza jambo hilo; kinyume chake, kanuni zenyewe zilikataza kudhihakiwa kwa kundi lolote la rangi. Gaines alipotishia kuutangazia umma sababu ya kukataliwa kwake, ofisi ikarudi nyuma na kuomba angalau matone ya jasho yaondolewe. Gaines alikataa katakata, akaichapisha hadithi bila kubadilisha kitu. Toleo hilo, la tarehe ya Februari 1956, lilikuwa gazeti la mwisho la katuni la EC. Kampuni ikabaki na Mad peke yake, gazeti lake la dhihaka, ambalo lilikuwa limegeuzwa kuwa jarida la ukubwa wa kawaida mwaka 1955 na kwa hiyo halikuhesabiwa kuwa chini ya kanuni.

Kati ya mwaka 1954 na 1956 zaidi ya nusu ya majina ya magazeti ya katuni yalitoweka, na wachoraji na waandishi wengi hawakurudi tena kwenye kazi hiyo. Haki inanitaka niseme kwamba kanuni hazikuwa sababu pekee. Televisheni ilikuwa ikiingia nyumbani kwa kasi, na mwaka 1957 American News Company, msambazaji mkubwa, alijitoa katika biashara hiyo na kuwaacha wachapishaji kadhaa bila njia. Kampuni iliyokuja kuitwa Marvel ililazimika kusambaziwa na mshindani wake, ikiruhusiwa magazeti manane tu kwa mwezi. Palikuwa pia na mchapishaji aliyekataa muhuri akasalimika. Dell, iliyochapisha wanyama wa Walt Disney na hadithi za namna hiyo, ilisema viwango vyake ni vya juu kuliko vya kanuni, na kwa kuwa ilikuwa kubwa mno na wazazi waliiamini, hakuna muuzaji aliyethubutu kuirudishia vifurushi.

Ili uone kwamba njia ya Marekani ilikuwa ya pekee, ilinganishe na nchi mbili za Ulaya zilizotunga sheria. Ufaransa ilipitisha yake tarehe 16 Julai 1949, baada ya kampeni za Wakatoliki na Wakomunisti, ambao wote walizilaani katuni hizo ingawa walitofautiana katika karibu kila kitu kingine. Pamoja na maadili ya vijana, palikuwa na nia ya kuzuia katuni za Kimarekani. Sheria hiyo ilimpa Waziri wa Mambo ya Ndani uwezo wa kuzuia chapisho lolote lisiuzwe kwa watoto wala kuwekwa hadharani, na uwezo huo ulitumika mbali na watoto. Novemba 1970, jarida la dhihaka la Hara-Kiri Hebdo lilipogusa kifo cha Charles de Gaulle kwenye jalada lake, lilifungiwa kwa kifungu hichohicho cha sheria ya vijana, na wahariri wake wakaanzisha Charlie Hebdo ndani ya mwezi huohuo.

Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1955, baada ya kampeni ya walimu, makanisa na Wakomunisti. Mwaka mmoja kabla yake, mwezi Septemba 1954, mamia ya watoto wa Glasgow walivamia makaburi kwa usiku kadhaa wakimtafuta mnyonya damu mwenye meno ya chuma, na katuni za Kimarekani zikatajwa kuwa chanzo, ingawa wakati huo hakuna aliyeweza kuonyesha katuni yenye kiumbe kama huyo. Kanada nayo iliongeza katuni za uhalifu katika sheria yake ya jinai mwaka 1949, na kifungu hicho kilifutwa mwaka 2018.

Nirudi Marekani, kwenye sehemu ya mwisho ya swali lako. Udhibiti huu ulidumu kwa muda ambao kibanda cha magazeti kilidumu kuwa mlango pekee. Nyufa za kwanza zilionekana kwa waliopita pembeni ya mlango huo. Kampuni ya Warren ilianza mwaka 1964 kuchapisha hadithi za kutisha katika majarida makubwa yasiyo na rangi, ambayo kanuni hazikuyahusu. Mwaka 1968 wachoraji wa San Francisco, Robert Crumb akiwa miongoni mwao, walianza kuuza magazeti yao katika maduka ya vijana waliojitenga na jamii, yasiyotegemea msambazaji yeyote wa kawaida. Wao walikutana na polisi na mahakama badala ya wakaguzi.

Mwaka 1971 kanuni zenyewe zililegezwa. Mwanzoni mwa mwaka huo wanyonya damu na binadamu wanaogeuka mbwamwitu waliruhusiwa, iwapo wangesimuliwa kwa namna ya fasihi ya kale yenye heshima, lakini misukule iliendelea kukatazwa kwa kuwa ilionekana haina asili katika fasihi hiyo. Marvel ikaizunguka kanuni kwa kuwaita misukule wake kwa jina jingine, zuvembie. Mwaka huohuo Stan Lee, mwandishi na mhariri wa Marvel, akiombwa kwa barua na wizara ya serikali iliyohusika na afya na elimu, aliandika hadithi ya Spider-Man iliyoonyesha madhara ya dawa za kulevya. Chama kikainyima muhuri, kwa kuwa dawa hazikutakiwa kutajwa hata kwa kulaaniwa. Matoleo ya 96 hadi 98 yakatoka bila muhuri, yakauzwa vizuri, na kanuni ya dawa ikarekebishwa miezi michache baadaye. Fikiria hali hiyo: serikali ndiyo iliyoomba hadithi iandikwe, na chombo cha wafanyabiashara ndicho kilichoikataza.

Lakini kilichoua muhuri kwa hakika ni mabadiliko ya njia ya kuuza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Phil Seuling, aliyekuwa mwandaaji wa maonyesho ya katuni, alikubaliana na wachapishaji auziwe magazeti kwa bei nafuu kwa sharti la kutorudisha yasiyouzwa. Kutokana na mpango huo yalikua maduka yanayouza katuni peke yake, ambayo wenyewe waliwajua wateja wao na hawakuwa na sababu ya kuuogopa ugomvi wa kibandani. Mwaka 1984 toleo la 29 la Saga of the Swamp Thing, lililoandikwa na Alan Moore na kuchapishwa na DC, lilikosa kibali, likatoka bila muhuri na hakuna muuzaji aliyelirudisha. Baada ya hapo kila mchapishaji mkubwa alijua kwamba anaweza kuuacha muhuri akitaka. Ulibaki kwenye majalada kwa mazoea.

Maduka hayo yalipokea yale ambayo zamani yalizuiwa njiani, na pamoja nayo yakapokea hatari ya kushitakiwa. Mwaka 1986 meneja wa duka moja la katuni katika jimbo la Illinois alikamatwa kwa kuuza vitabu vilivyodaiwa kuwa vichafu. Alitiwa hatiani, kisha mahakama ya rufaa ikamwachia huru mwaka 1989. Kutokana na kesi hiyo mchapishaji Denis Kitchen alianzisha Comic Book Legal Defense Fund, mfuko wa kuwalipia mawakili wachoraji na wauzaji. Haukushinda kila mara. Mwaka 1994 mchoraji Mike Diana wa Florida alitiwa hatiani kwa michoro aliyoisambaza kwa nakala chache mno, na miongoni mwa masharti ya kifungo chake cha nje lilikuwamo la kutochora kitu kichafu hata kwa ajili yake mwenyewe. Katika miaka ya karibuni mvutano umehamia kwenye maktaba na shule: mwezi Januari 2022 bodi ya shule ya kaunti ya McMinn, Tennessee, ilipiga kura 10 kwa sifuri kukiondoa katika mtaala Maus, kitabu cha katuni cha Art Spiegelman kuhusu mauaji ya Wayahudi.

Marvel iliuacha muhuri mwaka 2001 na kuweka madaraja yake ya umri. DC ilifuata Januari 2011, na Archie, kampuni ambayo mmoja wa waanzilishi wake, John Goldwater, alikuwa rais wa chama kile kwa miaka mingi, ikatangaza kujitoa siku iliyofuata. Hapakubaki wa kukaguliwa. Mwezi Septemba mwaka huohuo haki ya kutumia muhuri ilihamishiwa kwa mfuko wa Denis Kitchen, nao ukaanza kuuchapisha kwenye fulana ili kuchangisha fedha za kuwalipia mawakili wachoraji wanaoshitakiwa.